Gauni la Mtoto Lisiloshuka Begani: Mwongozo Kamili kwa Vikundi vya Kushona vya Kujitolea

Nguo ambayo vikundi vingi vya kujitolea huanza nayo ni gauni la foronya. Ndilo ambalo shirika la Little Dresses for Africa, lililoanzishwa Michigan, Marekani, mwaka 2008, limelifanya lijulikane: foronya mbili zikilala mezani asubuhi, jioni zimekuwa magauni mawili ya kupelekwa Afrika. Sasa hata akina mama wa Kikongo, Kirundi, Kitanzania na Kikenya walio Marekani, Canada na Uingereza wanakaa kwenye cherehani Jumamosi kushonea watoto waliobaki kwenye kambi za wakimbizi za Nyarugusu (Tanzania) na Kakuma (Kenya), au kijijini kwao.

Kwa macho gauni hili ni jepesi. Lakini maswali ninayoulizwa ni yaleyale kila mara. Lastiki imechomoka baada ya kufuliwa mara mbili. Kamba za bega zinafunguka mtoto akikimbia. Kwapa limekuwa kubwa hadi kifua kinaonekana. Gauni limefika na mtoto ameshalizidi.

Makosa hayo karibu yote yanatokana na kufuata hatua kwa mpangilio usiofaa, na kutumia kamba za kufunga begani. Hapa tutashona gauni lisilo na kamba hata moja, lenye nafasi ya kumkuza mtoto mwaka mwingine na zaidi. Mtu anayejua kushona mstari ulionyooka anaweza kulimaliza kwa saa mbili au tatu. Mwishoni kuna maelezo mafupi ya kaptula, kwa sababu wavulana husahauliwa mno.

## Kwanza uliza, kisha nunua kitambaa

Mpigie simu mtu atakayepokea: mwalimu, mama mlezi, kiongozi wa kanisa au msikiti, mfanyakazi wa kituo. Uliza mambo haya kabla ya kukata chochote.

Watoto ni wangapi, na wa umri gani? Wasichana wangapi, wavulana wangapi? Ukileta magauni 60 penye watoto 75, umeleta ugomvi na machozi. Afadhali kushona mwaka mzima upeleke yote kwa pamoja.

Je, wanahitaji magauni kweli? Katika shule nyingi za msingi za Tanzania mtoto anahitaji shati jeupe na sketi au kaptula ya buluu, na mzazi anahangaikia sare kuliko nguo nyingine yoyote. Nchini Kenya kila shule ina rangi zake. Wakikuambia shida ni sare, usishone kwa kubahatisha rangi. Changa fedha, mpe kazi fundi wa hapo hapo anayejua sare ya shule hiyo. Fundi atapata riziki, mtoto atapata nguo inayomtosha, na hakuna ushuru wa forodha wa kulipa.

Mavazi ya hapo yakoje? Unguja, Pemba, Lamu na sehemu nyingi za pwani, gauni la mikono wazi litavaliwa nyumbani tu. Kama ndivyo, shona liwe refu kupita magoti na upeleke pamoja na fulana ya mikono ya kuvaa ndani, au uache mpango wa gauni hili ushone lenye mikono. Usimpe mzazi nguo ambayo ataona haya kumvisha mwanawe.

## Vifaa

Kwa gauni moja:

- Foronya moja ya sentimita 50 kwa 75, au kitambaa cha pamba chenye upana wa sentimita 110 hadi 115
- Kitambaa kingine cha pamba cha mikanda ya bega (mita moja inatosha magauni 12 hivi)
- Lastiki ya upana wa sentimita 1.5
- Utepe wa pamba usiovutika, upana wa sentimita 1, urefu wa sentimita 50
- Uzi wa poliesta
- Sindano ya cherehani namba 80 au 90, pini, vikwasi viwili
- Mkasi wa kitambaa, tepu ya kupimia, chaki, pasi, karatasi ngumu

Uzi uwe wa poliesta hata kama kitambaa ni pamba. Uzi wa pamba hulegea upesi kwa kufuliwa kwa sabuni ya mche, kusuguliwa kwa mkono na kuanikwa juani kila wiki.

Lastiki nunua nzuri. Ivute hadi iwe mara mbili ya urefu wake, iachie, ipime tena. Isiporudi kama ilivyokuwa, iache dukani. Katika gauni zima hakuna kitu kinachokufa mapema kama lastiki, na ikifa gauni limekwisha.

## Kitambaa gani kinafaa

Weka kiganja nyuma ya kitambaa, simama dirishani. Ukiviona vidole vyako, kitambaa hicho ni chepesi mno. Foronya nyingi za bei nafuu hushindwa kipimo hiki. Mtoto huyu huenda hana shimizi, na yeye ana staha yake kama mtoto mwingine yeyote.

Rangi ziwe za kati au nzito, au maua. Nyeupe haifai penye vumbi jekundu na maji ya kubeba kichwani.

Usitumie kitambaa cha mabakabaka ya jeshi, hata kama ni cha kitoto. Tanzania, Uganda na Zimbabwe ni miongoni mwa nchi ambazo sheria zake zinamkataza raia kuvaa mavazi ya kijeshi au yanayofanana nayo, na mzazi ndiye atakayesumbuliwa. Epuka pia vitambaa vyenye nembo au rangi za vyama vya siasa. Vile vya uchaguzi hugawiwa bure na hujaa kwenye maboksi ya michango.

Ukitumia khanga, soma jina lake kwanza. Kuna majina ya upendo na ya dua, na kuna majina ya kumsema mke mwenza au jirani. Mtoto wa miaka sita asitembee na fumbo la wakubwa mgongoni. Doti moja ya khanga, yaani vipande viwili, hutoa magauni matatu ya miaka 6–7: kila kipande cha upana wa sentimita 150 hukatwa mara tatu kwa sentimita 50, na masalio ya chini yanatosha mifuko.

## Vipimo

Vipimo vyote ni vya sentimita. "Upana" ni wa kipande kimoja cha kukata, mbele au nyuma, mshono ukiwemo. "Urefu" ni wa gauni lililokwisha, kutoka ukingo wa kifuani hadi pindo. "Kwapa" ni kina kwa upana wa mkato. "Lastiki" ni kipande kimoja, na kila gauni lina viwili. "Bega" ni sehemu ya mkanda inayopita juu ya bega bila kushikana na gauni.

- Miaka 2–3: upana 42, urefu 45, kwapa 10 × 5, lastiki 14, bega 13
- Miaka 4–5: upana 45, urefu 53, kwapa 11 × 5.5, lastiki 16, bega 14
- Miaka 6–7: upana 50, urefu 60, kwapa 13 × 6, lastiki 18, bega 15
- Miaka 8–9: upana 52, urefu 67, kwapa 14 × 6.5, lastiki 20, bega 16
- Miaka 10–11: upana 54, urefu 73, kwapa 15 × 7, lastiki 22, bega 18

Foronya ya kawaida inafaa zaidi kwa miaka 6 hadi 9. Kwa wa miaka 10 haitoshi mpaka uongeze kipande cha chini. Vikundi vingi hushona saizi ndogo kwa sababu ni nzuri machoni na hazili kitambaa, kisha wasichana wa miaka 9 na 10 wanakosa. Wapokeaji hulalamikia jambo hili kuliko jingine lolote. Pangeni idadi kwa saizi kabla ya kuanza, na mtu mmoja ashike orodha.

## Hatua ya 1: Fua, kausha, piga pasi

Pamba hurudi inapofuliwa mara ya kwanza. Ikirudi baada ya kushonwa, gauni la miaka 6 linakuwa la miaka 5, na mishono inakunjamana. Fua kwa maji ya moto, hata foronya mpya. Kitambaa cha rangi kali kioshe peke yake hadi maji yatoke meupe, la sivyo kitaharibu nguo nyingine zote kwenye beseni la mama wa mtoto.

## Hatua ya 2: Kata vipande

Kwa kitambaa, kata vipande viwili. Urefu wa kukata ni urefu wa gauni pamoja na 12: tatu za njia ya lastiki juu, tisa za pindo chini. Kwa miaka 6–7 ni 72.

Kwa foronya, kata ule upande uliofungwa tu, sentimita 2 kutoka ukingoni. Upande wa mdomo uache na pindo lake.

Nyuzi za kitambaa ziende juu na chini. Gauni lililokatwa mshazari huning'inia upande mmoja, na hakuna pasi inayoliponya.

## Hatua ya 3: Mfuko

Mfuko ushonwe sasa, kabla ya mbavu kuunganishwa, maana kipande bado kimelala. Kata mraba wa 14 kwa 15, kunja ukingo wa juu mara mbili, kingo nyingine ndani sentimita 1, piga pasi, shona pande tatu. Kona za juu zishonwe pembetatu ndogo, kwani ndipo mkono wa mtoto unapovuta.

Usiuone mfuko kuwa pambo. Mtoto anayetembea kilomita mbili kwenda shule ana penseli, sarafu na kipande cha muwa cha kubeba. Mfuko pia huficha doa la kitambaa kilichotumika.

## Hatua ya 4: Mbavu

Mshono wa mbavu uwe wa kufichwa, ili nyuzi zisichomoke na ngozi isikwaruzwe. Hauhitaji overloki, ile mashine ya kufunga kingo.

Weka vipande mgongo kwa mgongo, yaani pande nzuri ziko nje. Shona nusu sentimita kutoka ukingoni. Punguza ukingo uwe milimita 3. Geuza, pande nzuri zitazamane, piga pasi, shona tena milimita 6 kutoka kwenye mkunjo. Ukingo mbichi umefungiwa ndani.

Mwanzo na mwisho wa kila mshono rudi nyuma hatua tatu za sindano. Urefu wa kila hatua uwe milimita 2.5.

Kwa foronya, vuta mshono wake wa ubavu kwa nguvu kwa mikono miwili. Ukiona matundu ya sindano yanafunguka, pitisha mshono wa pili pembeni yake. Nyingi zinauhitaji.

*Umefaulu ikiwa* hakuna uzi hata mmoja unaochungulia nje kwenye mstari wa ubavu, na ndani pako laini kama nje.

## Hatua ya 5: Kata kwapa

Chora umbo la kwapa kwenye karatasi ngumu mara moja kwa kila saizi, mlitumie kikundi kizima. Umbo lake ni kama ndoana: mstari unaanza ukingo wa juu, unashuka wima, kisha unajipinda kuelekea mshono wa ubavu.

Kunja gauni katikati kwa urefu ili mishono miwili ya ubavu ilale pamoja. Weka karatasi upande wa mishono, kata tabaka zote nne kwa pamoja.

Angalizo: ukikata upande wa mkunjo, utatoboa katikati ya kifua na mgongo. Hili hutokea sana kikundi kinapofanya haraka. Bandika pini yenye kichwa chekundu kwenye mishono kabla ya kuchukua mkasi.

Angalizo la pili: usiongeze kina kwa kuhofia mtoto atabanwa. Kwapa linaonekana dogo mezani kwa sababu mkanda wa bega bado haupo. Bega likiongezwa nafasi inatosha.

## Hatua ya 6: Njia ya lastiki, kisha lastiki

Hapa ndipo magauni mengi yanapofia, kwa hiyo soma yote kabla ya kushona.

Kunja ukingo wa juu wa mbele sentimita 1, piga pasi, kunja tena sentimita 2, piga pasi. Shona karibu na mkunjo wa chini. Fanya vivyo hivyo nyuma. Sasa una njia mbili za lastiki, kila moja iko wazi pande zote mbili, pale kwapa linapoanzia.

Kata lastiki kwa kipimo cha orodha. Choma kikwasi upande mmoja, ipitishe. Kabla mkia wake haujazama ndani, ushike kwa kikwasi cha pili. Mwisho ukitokeza, panga ncha ya lastiki iwe sawa na ukingo wa kwapa, kisha shona juu yake kwenda na kurudi mara tatu. Rudia upande wa pili. Hakikisha lastiki haijajisokota, ndipo usambaze marinda sawasawa.

Kwa nini lastiki itangulie mkanda wa kwapa? Kwa sababu mkanda utakuja kuzifunika ncha zake na kuzishona mara nyingine. Wanaofunga kwapa kwanza, kisha wakaingiza lastiki kupitia tundu, wanaiacha imeshikwa na mshono mmoja mwembamba. Hiyo ndiyo lastiki inayochomoka.

*Umefaulu ikiwa* unaweza kushika ncha mbili za ukingo wa kifuani, ukavuta mpaka marinda yote yanyooke, ukaachia, na kila kitu kikarudi mahali pake bila sauti ya uzi kukatika.

## Hatua ya 7: Mkanda wa bega ulio duara

Miongozo mingi inaagiza mikanda inayofungwa fundo begani. Usifanye hivyo. Fundo hufunguka, na mtoto anaishia kushika gauni kwa mkono mmoja siku nzima. Tena kamba karibu na shingo ni hatari: kiwango cha Ulaya cha EN 14682 hakiruhusu kamba za kuvuta shingoni wala kwenye kofia ya nguo za watoto walio chini ya miaka 7, kwa sababu hunasa kwenye vitu na kukaba.

Mkanda wetu ni duara lililofungika, linalozunguka kwapa na kupita juu ya bega bila kukatika.

Kata kitambaa cha mkanda mshazari, upana wa sentimita 6. Mshazari ndio unaokubali kujipinda kwenye kwapa bila makunyanzi. Kwa urefu, pima kwa tepu mkunjo wa kwapa wa mbele, ongeza wa nyuma, ongeza "bega" kutoka kwenye orodha, ongeza 2 za mshono. Pima kwenye gauni lenyewe, sasa, baada ya lastiki. Usikisie.

Unganisha ncha za mkanda uwe duara. Piga pasi: kunja katikati kwa urefu, fungua, leta kingo zote mbili katikati, kunja tena. Umepata mkanda wa sentimita 1.5 wenye tabaka nne.

Geuza gauni, ndani iwe nje. Fungua mkanda. Weka kiungo chake chini kabisa ya kwapa, penye mshono wa ubavu, upande mzuri wa mkanda ukitazama upande wa ndani wa gauni. Bandika pini kupanda mbele hadi juu ya lastiki, kisha kupanda nyuma. Sehemu inayobaki bila gauni ndiyo bega. Ipime: iwe sawa na orodha. Shona kwenye mkunjo wa kwanza wa mkanda, kutoka juu ya mbele, chini ya kwapa, hadi juu ya nyuma, na upite juu ya ncha za lastiki polepole.

Sasa jambo ambalo halimo katika miongozo ya kawaida. Kitambaa cha mshazari huvutika, na bega likivutika gauni linashuka. Kwa hiyo chukua kipande cha utepe wa pamba chenye urefu wa bega pamoja na 6, kilaze ndani ya mkunjo wa mkanda, kiingie sentimita 3 mbele na 3 nyuma. Utepe ndio utakaobeba uzito, mkanda uwe vazi tu.

Geuza gauni upande mzuri. Kunja mkanda ufunike ule mshono, bandika pini, shona karibu na ukingo mzunguko mzima bila kusimama. Sehemu ya bega iongezee mstari wa pili upande wa pili.

Angalizo: usivute mkanda unaposhona. Acha cherehani kiusogeze. Ukivutwa, kwapa linajikunja ndani na kumkata mtoto.

*Umefaulu ikiwa* unaweza kulining'iniza gauni kwa kidole kimoja kila bega, mtu mwingine akalivuta chini kwa nguvu ya mtoto anayeng'ang'ania kucheza, na urefu wa bega usibadilike.

Gauni la kwanza litachukua muda mrefu hapa, hata saa nzima. La tano litachukua dakika 20.

## Hatua ya 8: Pindo la kukua

Mtoto wa umri huu hurefuka sentimita 5 au 6 hivi kwa mwaka. Pindo la sentimita 8 linampa gauni mwaka mwingine na zaidi.

Kwa kitambaa: kunja 1, kisha 8, shona kwa hatua ndefu za milimita 3.5 ili mama aweze kuzifumua kwa wembe bila kuchana kitambaa.

Kwa foronya: pindo lipo tayari, kwa hiyo urefu wa ziada uuweke kwenye kunjo la ndani, juu kidogo ya pindo lile. Gauni la miaka 6–7 hubakiwa na sentimita 10 hivi. Kunjo la kina cha 5 linazimeza zote. Shona kwa hatua ndefu vilevile.

Usikate ziada hata kama linaonekana zito chini. Uzito huo ndio thamani yake.

Masalio ya kitambaa, kipande cha kiganja hivi, kishonee ndani ya pindo kwa nukta nne. Siku gauni likichanika, kiraka cha rangi ileile kipo.

## Kaptula kwa ufupi

Njia ya uhakika ni kuchukua kaptula inayomtosha mtoto wa umri huo, kuikunja mguu juu ya mguu, kuichora kwenye karatasi ikiwa imevutwa kiunoni, na kuongeza sentimita 2 pande zote, 4 juu na 6 chini. Kata vipande viwili vya kulia na kushoto, kila kimoja upande wa nje wa mchoro ukiwa kwenye mkunjo wa kitambaa.

Shona kila mguu mshono wake wa ndani. Geuza mguu mmoja, uingize ndani ya mwingine, pande nzuri zitazamane, kisha shona msamba kwa mstari mmoja kutoka mbele hadi nyuma. Msamba ushone mara mbili, mstari wa pili milimita 3 kutoka wa kwanza. Ndipo kaptula zote zinapochanika, mtoto akichuchumaa au kupanda mwembe.

Lastiki ya kiuno iwe ya upana wa sentimita 2.5, na urefu wake uwe kiuno cha mtoto toa 5. Kwa miaka 6–7, 50 inatosha wengi. Ishonee mstari mmoja wima nyuma, katikati, isijisokote. Kipande kidogo cha utepe hapo hapo kitamwonyesha mtoto nyuma ni wapi.

Kitambaa kiwe kizito kuliko cha gauni: khaki au dengrizi nyepesi. Na mifuko miwili, tafadhali.

## Ukaguzi kabla ya kufunga

Mkaguzi asiwe aliyeshona. Apewe nguo, taa nzuri na mamlaka ya kurudisha.

Avute lastiki mara kumi. Avute kila bega. Apitishe kiganja ndani yote kutafuta pini iliyosahauliwa, kisha apitishe sumaku. Akate nyuzi zinazoning'inia. Aangalie kwamba magauni ya walio chini ya miaka 3 hayana vifungo, shanga wala vinyota, kwani huishia mdomoni.

Nguo isiyofaa irudi kwa aliyeishona kwa upendo, na afundishwe. Kuna mazoea ya kusema "watashukuru tu, hawana kitu." Mtu akisema hivyo kikundini kwako, mwambie aache kushona kidogo, umuulize: wewe mwanao ungemvisha hii siku ya Idi au Krismasi? Asiyeweza kujibu ndiyo, afumue.

Andika saizi kwa kalamu isiyofutika kwenye kiutepe ndani ya shingo: "6–7". Jina la kikundi au la mfadhili lisiwe juu ya nguo. Mtoto si ubao wa matangazo.

## Kufunga na kusafirisha

Gauni la pamba la miaka 6 lina uzito wa gramu 150 hadi 200. Begi la ndege la kilo 23, ukitoa uzito wa begi lenyewe, linabeba magauni 100 hivi. Zikunje kwa saizi, kila saizi mfuko wake, na orodha juu. Kwa vikundi vidogo, kumpa msafiri anayekwenda nyumbani ndiyo njia bora. Lakini msafiri naye awe na barua inayoeleza kwamba nguo si za kuuza, idadi yake na anayepokea, kwa sababu nguo mia mpya za aina moja zinaonekana kama biashara, na afisa wa forodha ana haki ya kuuliza.

Boksi kubwa la meli ni jambo jingine. Nguo zinatozwa ushuru katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na neno "msaada" pekee haliondoi ushuru huo. Msamaha huombwa na shirika lililosajiliwa la nchi inayopokea, kabla mzigo haujaondoka. Mzigo uliofika Mombasa au Dar es Salaam bila karatasi hukaa bandarini ukihesabiwa gharama za hifadhi, na mpokeaji ndiye anayebanwa. Kama huna mpokeaji wa kufanya kazi hiyo, usitume boksi.

Kwa kambi za wakimbizi, kama Nyarugusu mkoani Kigoma, huingii wala hugawi bila kibali cha serikali. Pitia shirika ambalo tayari linafanya kazi kambini.

Fanya hesabu ya ukweli pia. Andika gharama ya kitambaa, lastiki na nauli ya gauni moja. Ikizidi bei ya gauni lililoshonwa na fundi wa mji kama Kasulu, Tanzania, au Lodwar, Kenya, kwa kitenge cha sokoni, tuma fedha, na ujuzi wa kikundi chenu utumieni kwa kitu kingine: lastiki nzuri na uzi imara ni vyepesi kubeba, na mafundi wengi wa huko wangevifurahia.

## Mgao na baada yake

Nguo zigawiwe na watu wa hapo, ndani ya chumba, mtoto ajaribu kwanza. Picha za watoto wakiwa wanabadilisha nguo zisipigwe kabisa. Picha nyingine zipigwe kwa ruhusa ya mzazi, na zisibandikwe mitandaoni na jina la mtoto wala la kijiji chake. Picha ya magauni yakiwa yamepangwa mezani inatosha kuwaonyesha wachangiaji.

Baada ya miezi mitatu mpigie mpokeaji tena. Usiulize kama watoto walifurahi. Uliza: lastiki ikoje? Makwapa mangapi yamechanika? Kuna saizi iliyobaki kabatini? Pindo limeshafumuliwa la nani? Majibu hayo yaandikwe kwenye orodha ileile ya saizi, na mkutano unaofuata uanze kwa kuyasoma kabla mtu hajagusa mkasi.